Pini Mbili Zilizohamishwa

Mzee alikuwa amekufa na barakoa ya hewa bado iko usoni. Kando ya kitanda, mashine iliyokuwa ikimpulizia pumzi ilikuwa ingali inanguruma kwa sauti ya chini, kama paka aliyeshiba.

"Zima hiyo," Inspekta alimwambia koplo.

Fundi redio, mkwe wa marehemu, alikuwa amekaa sakafuni, mikono kichwani. Hospitali haikuwa na mashine ya kuwapa, ndipo akamuundia baba mkwe ya kwake: feni, bomba, na pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, ya kompyuta kuukuu.

"Nimemuua, afande. Vikorokoro vyangu vimemuua mzee wa watu."

"Tulia kwanza. Imefanya kazi muda gani?"

"Miezi kumi na moja."

"Leo nani alikuwa naye?"

"Mke wangu. Mimi nilikuwa kazini."

Mke, fundi cherehani, alisimama mlangoni. Shavuni pake palikuwa na alama za mkeka.

Inspekta alichuchumaa, akainua plagi ya pini nne iliyounganisha feni na pawa saplai.

"Hii mtu anaweza kuichomeka kinyume?"

"Haiwezekani. Pembe zake mbili zimekatwa, inaingia upande mmoja tu. Ndiyo maana niliichagua. Hata mwenye usingizi hawezi kukosea."

"Na rangi hizi?"

"Waya wa njano ni volti kumi na mbili, ndio unaoendesha feni. Mwekundu ni tano."

"Basi sogea uone."

Fundi alitazama. Waya mwekundu ulikuwa umekaa mahali pa ule wa njano. Kwa volti tano feni ilikuwa imezunguka polepole tu, na hewa haikumfikia mzee. Pini za chuma za nyaya zote mbili, zilizofungwa ndani ya plastiki ya plagi, zilikuwa na mikwaruzo mipya.

Alimtupia mkewe jicho.

"Ni mimi. Nilizihamisha asubuhi."

"Ulizitoa kwa kutumia nini?"

"Bisibisi."

"Bisibisi ingepasua plastiki. Hii haina hata ufa." Inspekta aligeuka. "Dada, naomba kikopo chako cha sindano."

Sindano kubwa ya kushonea magunia ilikuwa imepinda ncha.

"Mwacheni," mke alisema. "Huyu hajui kudanganya hata mtoto mchanga."

"Nyamaza, mama watoto!"

"Ninyamaze hadi lini? Yeye ndiye aliyenifundisha, afande. Feni ya kompyuta yake ilikuwa na kelele, akahamisha pini, ikatulia. Nikalikumbuka hilo. Miezi kumi na moja sauti ile imo kichwani mwangu. Baba akikohoa, naamka. Akinyamaza, ndiyo naamka zaidi. Nilitaka saa moja tu, halafu nizirudishe."

"Ukalala ngapi?"

"Nne."

Fundi alilia kwa sauti. Mkewe hakulia.

Kituoni, maelezo ya mke yaliishia mstari wa tano. Simu zilikuwa zinaita, mlevi alikuwa akiimba mahabusu, na yeye alikuwa amelala palepale kwenye benchi, kichwa ukutani, mdomo wazi. Koplo alinyoosha mkono amtikise.

Inspekta akaushika.

"Mwache kidogo."