Aliyemuungamisha Mama

Jioni ile nilikuwa napiga pasi kitambaa cheupe cha kutandika meza ya mgonjwa. Mama alikuwa anaondoka. Hakuna aliyelisema kwa mdomo, lakini hata wifi yangu, mwanamke asiyejua kunyamaza, alikuwa anatembea kwa ncha za vidole.

Kaka alikuwa ametoka na pikipiki kumfuata padre. Paroko wetu alikuwa likizo, na parokia ilikuwa imeachiwa padre mgeni ambaye hatukuwahi kumwona.

Tangu asubuhi Mama alikuwa na neno moja tu. "Nina jambo. Nimelibeba tangu hujazaliwa. Sitaki kufa nalo."

Nikamwambia aniambie mimi. Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto mpumbavu, akasema hilo ni la masikio ya padre, basi. Mama akikataa, amekataa.

Nikatandika meza kando ya kitanda: kitambaa, msalaba, kibakuli cha maji ya baraka. Giza lilikuwa linaingia. Nikawasha mshumaa.

Hodi haikupigwa. Niliinua macho tu... mtu amesimama mlangoni.

Alivaa kanzu nyeusi na stola ya zambarau shingoni. Kichwa kimeinama, mikono ameikusanya kifuani, vile padre anavyobeba Ekaristi. Nikamwambia Tumsifu Yesu Kristo. Hakujibu, nami nikajilaumu mwenyewe. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba padre aliyebeba Sakramenti hasemeshwi. Unapiga magoti, unainamisha kichwa. Basi tukapiga magoti, mimi na wifi. Kaka sikumwona, nikajua anaegesha pikipiki.

Ukiinamisha kichwa humwoni mtu uso. Lakini mimi ni fundi cherehani, macho yangu huenda kwenye nguo yenyewe bila kutumwa. Kanzu ile haikuwa na kifungo. Haikuwa na pindo. Nikatafuta mshono, sikuuona hata mmoja. Nikajisuta: na wewe nawe, mama yako anakata roho unakagua nguo za watu!

"Tokeni," akasema. Taratibu sana.

Tukatoka, tukafunga mlango. Maungamo hayasikilizwi. Wifi akafungua redio jikoni, sauti ya chini, tusije tukanasa hata neno. Ndivyo tulivyolelewa.

Pamoja na redio ile nilimsikia Mama akilia. Hakikuwa kilio cha maumivu. Alilia kama mtu anayetua mzigo. Nikafurahi, Mungu ananiona, nilifurahi kweli.

Kisha kimya...

Wifi akaniuliza kwa kunong'ona kama nasikia harufu. Nilikuwa naisikia. Harufu ya utambi uliozimwa, kali, imejaa hadi jikoni, kana kwamba mishumaa ya kanisa zima imepulizwa kwa mara moja.

Ndipo pikipiki ikanguruma uani.

Kaka aliingia anahema, akasema tairi lilipasuka njiani. Nyuma yake alikuja padre kijana, mfupi, miwani imejaa vumbi, mkononi kifuko cha mafuta ya wagonjwa. Akatuomba radhi kwa kuchelewa. Akauliza mgonjwa yuko wapi.



Wifi aliketi chini palepale. Mimi nikasukuma mlango wa chumbani. Mama alikuwa peke yake. Dirisha limefungwa kwa ndani. Mshumaa umezimika. Paji lake la uso lilikuwa kavu, halijapakwa mafuta.

Padre akamwinamia, akamwambia amekuja kumuungamisha. Mama akatabasamu.

"Nimeshaungama. Nimempa lote. Sasa hata sikumbuki lilikuwa nini."

Padre akambembeleza ajaribu. Mama akajaribu. Nilimwona akilitafuta kama mtu anayepapasa ufunguo kwenye mfuko mtupu, na kweli halikuwepo. Padre akampaka mafuta, akamkomunisha, jasho likimtiririka. Aliponiuliza yule mtu alikuwaje, nikamweleza ile kanzu isiyo na mshono. Akafanya ishara ya msalaba. Hakuniambia kwa nini.

Mama akanivuta mkono. Nikainama mpaka midomo yake ikagusa sikio langu.

"Nilimwuliza malipizi ya dhambi yangu," akanong'ona. "Akasema nisihangaike. Utayafanya wewe."

Akakata roho kabla sijamwuliza ni yapi.

Baada ya mazishi padre aliniambia malipizi hayarithiwi kama shamba au sufuria. Nikamwamini, ningefanyaje? Pasaka ilipokaribia nikaenda kuungama kama kawaida yangu. Nilikuwa nimejiandaa vizuri: uvivu wa sala, nguo za wateja nilizochelewesha, ulimi wangu kwa wifi. Nikapiga magoti. Nibariki Padre, kwa kuwa nimekosa...

Mdomo ukafunguka. Likatoka lingine.

Nilijisikia nikieleza habari za kisima. Na mtoto mchanga aliyeviringishwa shuka. Na jinsi nilivyoziba masikio mpaka kukawa kimya. Sauti ilikuwa yangu mwenyewe. Mimi sijawahi kuzaa, na kisima hicho sijawahi kukiona.

Nyuma ya wavu padre alisogeza kiti karibu. Kisha akauliza, "Dada... unalijutia hilo?"

Nikatafuta majuto moyoni. Hayakuwepo. Utajutiaje usilolifanya? Na pasipo majuto hakuna ondoleo la dhambi.

Nimejaribu kwa mapadre wengine, hadi parokia za mbali. Nikifungua mdomo, ni kile kisima. Jumapili wenzangu wakipanga mstari kukomunika, mimi nabaki kwenye benchi, wananipita wakiruka magoti yangu. Najua wananisengenya kwamba nina dhambi kubwa. Zamani hilo lilinichoma, maana sikuwa na dhambi hiyo.

Siku hizi sina uhakika. Nimeanza kumkumbuka yule mtoto, na alivyolia.