Ngozi ya Kengele ya Tano

Sikukuu ya mavuno, kanisa kuukuu la kijiji cha Wexholm lilifurika watu, maboga na chupa za jamu. Bryony, kwenye sweta lake jekundu la sufu, akateleza na kapu la matufaha. Mkono ukamdaka.

"Pole. Matufaha yako yana haraka kukushinda."

"Na wewe una maneno kumshinda kasisi!"

Ndiye Rowan, fundi paa mgeni. Kufika Krismasi wameshaitana mpenzi, naye kaingia kundi la wapiga kengele. Hakujua kuwa kamba ya kengele ya tano haijaguswa tangu azikwe Giles, mpigaji wake, mchumba wa Bryony. Nani amwambie? Watu wa kule jambo zito hulinyamazia, ndiyo heshima yao.

Jumapili moja Rowan akawahi peke yake, akaifungua kamba ile ya tano, akaivuta. Bryony alikuwa anapita makaburini. Kengele ikalia kwa nguvu, kisha ikajiitikia hafifu, kama sauti ya mtu chini ya udongo. Nguvu, hafifu. Nguvu, hafifu. Akarudi nyumbani akajifungia.

Jioni simu ikalia.

"Bri, nimekukosea nini?"

"Giles, marehemu mchumba wangu, ameitika kengele yake, Rowan. Hataki unioe."

"Wivu wa walio hai nauweza, wa marehemu siuwezi. Lakini nimepanda mnarani, mpenzi. Ulimi wa kengele umevishwa ngozi upande mmoja, ndiyo maana pigo la pili hufifia."

Bryony akashusha pumzi. Ngozi ile hufungwa siku ya maziko, ili kengele iomboleze, kisha huvuliwa. Ya Giles hakuna aliyethubutu kuivua.

"Ivue basi," akasema.

"Mimi? Thubutu! Njoo uivue mwenyewe."

Akaenda. Fundo lilikuwa gumu, akalifungua kwa meno. Ngozi akaitia mfukoni.

Majira ya kuchipua, kasisi akatangaza ndoa yao mbele ya watu wote. "Mwenye kujua kizuizi, na aseme."

Kanisa zima likainua macho mnarani. Bryony akaikamata ngozi ndani ya koti. *Sema basi, Giles.*

Kamba ya tano ilining'inia, tuli. Machozi yakamtiririka.

"Nini tena, mpenzi?" Rowan akanong'ona.

"Nilidhani atabisha," akasema Bryony. "Hata kidogo tu."