Pini Mbili za Bunduki ya Ihanda

Ferista alirudi kutoka mashine ya kusaga na ndoo ya unga kichwani. Pale getini alimsalimia jirani yake Grace kwa sauti, wakacheka kidogo, kisha akaingia ndani. Baba yake, mzee Efraimu Nzowa, alikuwa sakafuni kando ya meza ya sebuleni, shati limelowa damu kifuani. Ndoo ilimponyoka. Grace alisikia mayowe kabla hajafika kwake.

Mezani palikuwa na bunduki ya babu yake Efraimu, aliyeibeba katika vita vya Wajerumani. Kando yake kilitandazwa kitambaa, na juu ya kitambaa bolti, kile chuma cha kusukuma na kuvuta nyuma ya mtutu, ikiwa imefunguliwa vipande vipande: mwili wake, springi, kofia ya nyuma na pini ya kufyatulia. Chupa ya mafuta ilikuwa wazi. Ganda la risasi lilikuwa chini ya kiti.

Inspekta Tusekile alipofika kutoka Vwawa mchana huo, sajini wa kituo cha karibu alikuwa ameshakata shauri.

"Ajali, afande. Mzee alikuwa anasafisha silaha, ikafyatuka. Masikini."

Tusekile aliinama mezani bila kugusa kitu. "Sajini, bunduki hiyo ina bolti ndani yake?"

"Haina. Si ndiyo hiyo kwenye kitambaa."

"Sasa bila bolti imefyatukaje?"

Sajini aliinama naye kuichungulia.

Tusekile alichungulia lile shati. Hapakuwa na alama ya kuungua. Aliyepiga alisimama mbali kidogo, pengine mlangoni. Na baada ya kupiga, badala ya kukimbia, alikaa akaifungua bolti ya bunduki ile. Jambo hilo lilimsumbua kuliko mengine yote. Mwuaji gani anafanya usafi?

Gwantwa, mtaalamu wa silaha, alimwongezea mashaka.

"Afande, mzee aliruhusiwa kuitunza bunduki hii kama kumbukumbu, kwa sharti ncha ya pini ikatwe. Imekatwa kweli. Pini hii haifiki kwenye risasi, hata uvute kifyatulio mpaka kesho."

"Lakini imeua."

"Imeua. Ganda lina kidonda kirefu cha pini. Maana yake ndani ya bolti ilikuwamo pini nyingine, nzima. Mtu aliitoa, akataka kurudisha ile butu, akakatizwa."

Tusekile alikumbuka salamu za getini alizosimuliwa na Grace. Mwuaji alimsikia Ferista, akatokea mlango wa nyuma unaoingia moja kwa moja kwenye mibuni.

"Kuna jingine," Gwantwa alisema. "Risasi iliyotoka kwa mzee ina mikwaruzo ninayoijua. Msimu uliopita wa mahindi, kijana mmoja mchunga ng'ombe, Jastin, aliokotwa amepigwa risasi hukohuko Ihanda. Silaha haikupatikana. Ni hii."

Kwa hiyo vifo vilikuwa viwili.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Rabson, mfanyabiashara wa Tunduma anayenunua vitu vya kale. Mara mbili alikuwa amekwenda Ihanda kumbembeleza Efraimu auze bunduki, na mara ya pili alifukuzwa kwa fimbo.

"Bamayo," alisema, akimwita mama kwa mazoea ya kusemezana na wateja wa ng'ambo ya mpaka, "mimi nataka chuma kikuukuu, si maiti. Siku ile nilikuwa mpakani toka asubuhi, gari langu limekwama kwenye foleni. Waulize maofisa."

Maofisa waliulizwa. Alisema kweli.

Wa pili alikuwa Lwitiko, mpwa wa marehemu, fundi wa Mpemba mwenye mashine ya kuchonga vyuma. Ndiye aliyemleta Rabson nyumbani kwa mjomba wake, na tangu hapo walikuwa hawasemeshani.

"Ulimkasirikia mjomba wako?" Tusekile aliuliza.

"Nilimkasirikia. Sikumuua."

"Mashine yako inaweza kuchonga pini ya bunduki?"

Lwitiko alijifuta mikono kwenye ovaroli, ingawa ilikuwa mikavu. "Inachonga chochote."

"Umewahi kuchonga pini ya bunduki?"

"Hapana, afande. Pini ya bunduki sijawahi." Lakini hakumtazama, na Tusekile aliondoka akiwa na hakika kwamba kijana yule ameficha neno.

Wa mwisho alikuwa mzee Isaka, jirani na rafiki wa marehemu tangu ujana, mzee wa kanisa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Nilikuwa kwenye mashine yangu ya kumenya kahawa," alisema. "Inapiga kelele. Hata mlio sikuusikia, mwanangu, nilisikia mayowe."

"Bunduki yake uliijua?"

"Nani asiyeijua? Lakini kila mwaka akiipaka mafuta mimi nilikaa nje. Chuma cha vita sikipendi. Hiyo bolti sijui hata inafunguliwaje."

Ferista hakuweza kuyathibitisha maneno hayo wala kuyakanusha. Alikuwa amerudi nyumbani mwaka huo tu, baada ya kufiwa na mume. Alichokumbuka ni kusimuliwa kwamba mwaka jana baba yake alikwenda Mbeya kutibiwa macho, akamwachia jirani ufunguo.

"Jirani yupi?"

"Baba Isaka. Angemwachia nani mwingine?"

Baada ya maziko, Tusekile aliwaita Ferista, Lwitiko, Rabson na Isaka sebuleni. Gwantwa alikuwa ameikaza springi kwenye pini butu na kufunga kofia yake ya nyuma. Tusekile alikisimamisha chombo kile mezani, ncha chini.

"Nataka kuelewa mwuaji alifanyaje," alisema. "Nani anajua namna ya kukifungua?"

Rabson alitikisa kichwa. Lwitiko alikigeuza huku na huku, akasema, "Nileteeni koleo." Isaka hakunyoosha hata mkono.

"Basi nijaribu mwenyewe." Tusekile aliibana kofia kwa vidole viwili, akaikandamiza springi na kuinamia kabisa, pua juu ya chuma, huku mkono wake wa pili ukianza kukizungusha kipande cha juu.

"Toa uso hapo!" Isaka alipiga kelele. "Itakuruka machoni, mama! Shika chini kwanza, ndipo uzungushe!"

Tusekile alikilaza chombo mezani taratibu.

"Uliyajuaje hayo, mzee wangu?"

Isaka alitazama mikono yake, iliyokuwa bado hewani. "Nimeona tu... imekaa vibaya."

"Lwitiko hakuona, na ni fundi."

Hapo Lwitiko alisimama. "Afande, nisamehe. Pini ya bunduki sikuchonga, lakini mwaka jana mzee Isaka aliniletea kipimo alichokikata kwenye kijiti. Alisema ni pini ya mashine yake ya kahawa. Uliponiuliza habari ya pini nikaogopa, na leo nimeiona hii butu. Ni umbo lilelile, ila niliyochonga ni ndefu zaidi. Nikajua nikisema nitafungwa mimi."

"Ipo wapi hiyo pini sasa?" Tusekile alimwuliza Isaka.

Sajini alitumwa kwa Isaka kuitafuta. Aliikuta kwenye mashine ya kumenya kahawa, imechomekwa kwenye bawaba ya kifuniko, imepakwa grisi, kama imezaliwa hapo.

Ferista aliongea kwa mara ya kwanza. "Baba Isaka. Kwa nini?"

Isaka aliketi chini, si kwenye kiti. "Ng'ombe walimaliza mahindi yangu misimu miwili. Nilitaka kuwatisha tu. Efraimu alikuwa amenifundisha bolti ile tukiwa vijana, na risasi za babu yake nilijua kopo zinamokaa. Yule kijana alisimama nyuma ya ng'ombe, sikumwona. Kisha nikaiacha pini mle ndani, kila nikitaka kuitoa naingiwa na hofu ya kuigusa tena."

"Na baba?"

"Aliifungua kuipaka mafuta, akakuta pini mpya. Aliirudisha, akaniita. Hakunigombeza. Alisema, 'Isaka, twende Vwawa mimi na wewe, nitakusindikiza. Yule mtoto ana mama.' Nikamwambia naenda kuvaa koti. Nilirudi na risasi na ile pini butu mfukoni."

Walipomtoa nje, watu waliojaa uani walimpisha. Wengi walikuwa wameimba naye kanisani.

Wiki iliyofuata mama yake Jastin aliitwa Vwawa kutoka Momba. Mwanamke mfupi, alikaa kwenye benchi na mkoba mapajani, akasikiliza kwa Kinamwanga habari ambayo kwa muda wote ule hakuna aliyemletea. Ferista alikuwa amekuja bila kuitwa. Alingoja mpaka askari wamalize, akapiga goti.

"Mama, mimi ni mtoto wa yule mzee. Alikuwa anakuja kukwambia."

Mama alisogea kwenye benchi, akampa nafasi.