Jiwe la Kina Tonka

Kila asubuhi kabla ya shule, Tonka huwatoa mbuzi zizini, kisha huitazama bahari chini ya kijiji. Maji yakichafuka na kuwa meupe, upepo wa bura unashuka kutoka mlima Velebit, na siku hiyo hapandi mtu mlimani. Asubuhi ile maji yalikuwa yametulia.

"Bahati yako," alisema binamu yake Stipe. "Leo utajidai mpaka sauti ikukauke."

Mwalimu Zorka alikuwa amemchagua Tonka awatembeze wanafunzi wageni kutoka bara. Akifanya vizuri, kazi hiyo ingekuwa yake kiangazi chote. Aliwaonyesha ghuba na ngome ya ufukoni, kisha wakapanda njia ya mawe, Stipe na mwalimu wakifuata nyuma, hadi kwenye mirila, mawe ya kuwakumbuka wafu.

"Zamani watu wa milimani walibeba maiti mabegani hadi kanisani," Tonka alieleza. "Hawakuruhusiwa kumtua popote ila hapa. Walipomlaza, waliweka jiwe kichwani na jingine miguuni. Mwili ulikwenda kaburini, lakini roho, walisema, ilibaki hapa. Ndiyo maana maua tunaleta huku."

"La kwenu lipi?" mgeni mmoja aliuliza.

La kina Tonka lilikuwa pembeni, jiwe tupu. Jirani yake lilisimama jiwe lililochongwa jua.

"Hili," Tonka alisema, akiligusa lile la jua. "La mama wa bibi yangu."

Wageni wakachuma maua, wakayaweka.

"We Tonka!" Stipe alinong'ona. "Hilo la kina Bibi Luce!"

"Nyamaza. Nani atajua?"

Kabla hawajaondoka, Bibi Luce mwenyewe, mzee wa kijijini kwao, alitokeza akitweta, shada la maua mkononi. Alipoliona jiwe, alisimama.

"Jamani, nani kamletea mama yangu maua? Nilidhani nimebaki peke yangu kumkumbuka."

"Mama yako?" mgeni alishangaa. "Mbona Tonka amesema ni la kwao?"

Wote wakamgeukia. Angeweza kusema wageni wamechanganya mawe.

"Nimedanganya, Bibi Luce," alisema. "Letu ni lile pale. Niliona haya, halina hata mchoro."

Bibi Luce hakugomba. "Lile? Nilikuwapo siku alipoletwa mama wa bibi yako; nilikuwa mtoto mdogo. Theluji ilifika magotini. Babu zako walimbeba tangu alfajiri bila kumtua, vidole vikaganda. Nani angeshika patasi? Haya, njoo." Akaligawa shada lake, nusu akampa Tonka.

Wageni wakalizunguka jiwe tupu, kila mmoja akitaka kuligusa.

Wakati wa kushuka, Tonka alimsogelea mwalimu wake. "Na kiangazi, mwalimu?"

"Wiki ya kwanza ataongoza Stipe, nawe utasikiliza. Baada ya hapo ni zamu yako, kwa kuwa umesema kweli mbele ya wote." Mwalimu Zorka akapunguza mwendo. "Mgeni hajui lolote huku, Tonka. Anapokuuliza, amekukabidhi macho yake. Basi mwonyeshe kilichopo, hata kama ni jiwe tupu."