Mstari wa Mwenye Pori

Moshi ndio ulioanza. Saa saba mchana, jua la Kawajense pale Mpanda likiwa limekalia bati, Suzana aliingia chumba cha nyuma kuiangalia seva yake akakuta kunanuka moshi wa kufukuzia nyuki. Haukuwa moshi wa waya kuungua. Huo anaujua, umeshamlia vifaa viwili. Huu ulikuwa wa magome na majani mabichi, ule wanaopanda nao mtini warina asali wa Inyonga. Akachungulia dirishani. Hakuna jirani aliyewasha kitu. Akaigusa seva, ilikuwa ya moto kupita kawaida, na feni yake ilivuma kwa sauti nene. Akajiambia ni joto tu, akafunga mlango.

Suzana alikuwa fundi hodari, na kama mafundi wengi hodari, hakupenda kushauriwa. Kwenye mashine ile moja alikuwa na tovuti tatu za watu: ya nyumba ya wageni huko Inyonga, ya basi linalotoka Inyonga kuja Mpanda, na ya shule ya msingi anakosoma binti yake. Ilikuwa kama nyumba ya kupanga, vyumba vingi na geti moja: mgeni anataja jina la anayemtafuta, na seva inampeleka kwenye chumba chenye jina hilo. Mwezi ule akaongeza mpangaji wa nne, barua pepe za chama cha wafuga nyuki wa Inyonga, kila mwanachama na boksi lake. Wenzake wakamwambia barua zikae kwenye mashine yake peke yake, maana mwizi akishaingilia huko atatembea nyumba nzima. Suzana akawacheka. Mashine ya pili angeiweka wapi, kichwani?

Majina aliyatoa kwenye daftari la chama. Katibu wao, Emerensiana, alimtumia picha zake kwa simu. Mistari ilikuwa arobaini na moja, na wa kwanza ulikuwa mtupu: namba moja, bila jina. Suzana hakuuliza, alidhani ni uzembe wa aliyeandika. Fomu ya seva ikakataa mstari usio na jina, ikamrudisha mara mbili, na yeye kwa haraka zake akaandika jina analoandika kila siku akijaribu kitu. Jeniffer. Ndiye binti yake, mwenye miaka saba, mtoto pekee aliyemshika mkononi baada ya mimba tatu kutoka. Alisema atalifuta baadaye, akasahau kabisa.

Kesho yake boksi lile lilikuwa na barua. Hakuna mtu duniani aliyejua kwamba lipo. Barua ilitoka kwa Jeniffer kwenda kwa Jeniffer, imeingia saa saba kamili, na ndani yake mlikuwa na maneno manne: Nimepata jina. Sasa nakuja.

Suzana akatukana kwa sauti ya chini. Aliona ni mdukuzi, kijana fulani asiye na kazi, akabadilisha paswedi zote na kupekua orodha ya walioingia tangu asubuhi. Hakuna aliyeingia. Barua ile ilikuwa imeandikwa humo humo ndani, na chumba kilikuwa kinanuka moshi tena.

Siku ya tatu akapigiwa simu na mwangalizi wa ile nyumba ya wageni.

"Mama Jeniffer, samahani. Kuna mgeni ameweka nafasi kupitia tovuti yako, chumba namba moja. Kaandika anaitwa Jeniffer, anatokea porini."

"Amefika?"

"Hatujamuona mtu. Ila asubuhi nimefungua, shuka zimelaliwa." Sauti ikashuka. "Kitandani kuna nta, mama. Nta ya nyuki, bado laini. Na mlango nilikuwa nimefunga mwenyewe."

 Suzana alikuwa ameshafungua tovuti ya basi, akaona alichokuwa anaomba asikione: kiti namba moja, Inyonga kwenda Mpanda, kesho, kufika saa saba mchana, abiria Jeniffer. Akafuta. Jina likarudi. Akafuta tena, na tena, na kila aliponyanyua kidole jina la mwanawe lilikuwa limekaa pale pale. Ndipo alipoelewa. Porini, nyumba ya wageni, basi. Kitu hicho kilikuwa kinatembea ndani ya mashine yake, kutoka chumba hadi chumba, na chumba kilichobaki kilikuwa cha shule.

Akampigia Emerensiana.

"Dada, kwenye lile daftari, mstari wa kwanza ni wa nani?"

 "Kwa nini unauliza, mdogo wangu?"

"Niliandika jina. Mashine ilikuwa inakataa, nikaandika la mwanangu."

"Yesu na Maria," Emerensiana akanong'ona. "Ule hauna mtu. Kwetu ukitundika mizinga, wa kwanza huutii alama na huurini mpaka unaoza. Ni wa mwenye pori. Hata chama tulipokiandikisha tukamwachia mstari wake. Hatumwandiki, Suzana. Akikosa jina hana pa kuingilia kwa watu, anakaa huko na sisi tunakaa huku. Wewe umempa jina, na umempa mlango."

"Nalifuta sasa hivi."

"Usilifute. Amelishika, ukimnyang'anya atalifuata kwa mwenyewe. Ningoje, kesho napanda basi."

"Dada, usipande hilo. Na yeye amekata tiketi."

"Nimekusikia. Hakuna basi lingine."

Alipaswa kungoja. Lakini mama mwenye mtoto mmoja atangojaje? Jioni ile, Jeniffer akiwa amejilaza miguuni pake anachora kuku, Suzana alilifuta boksi, akalifuta na jina, akaona mstari umebaki mtupu kama alivyoukuta. Feni ikanyamaza. Moshi ukakatika. Alilia kwa kushukuru, na asubuhi akampeleka mtoto shule mwenyewe, akimshika mkono kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika anaumia.

Saa sita na nusu kwenye simu ukaingia ujumbe kutoka kwa Emerensiana: Tunakaribia. Kiti cha kwanza hakina mtu ila kondakta amekata tiketi yake na hataki kugeuka kutazama. Umefanya nini? Mwenye pori alikuwa ametulia, tangu jana jioni ananguruma.

Suzana akafungua tovuti ya shule. Kule kuna ukurasa ambapo wazazi huandika nani atakayemchukua mtoto siku hiyo. Mstari mmoja tu ulikuwa umejazwa. Mtoto: Jeniffer. Anayemchukua: mwenye jina lake.

Hakukumbuka alivyopanda bodaboda, wala kama alivaa viatu, alikumbuka tu kwamba njia nzima moshi ulikuwa unamtangulia, kwenye barabara ya vumbi, kwenye migomba ya watu, kwenye shati la dereva aliyekuwa anakohoa na kuuliza nani anachoma pori saa hizi, na kwamba alipofika getini mwalimu wa zamu alimtazama kwa mshangao, akasema taratibu, "Mama Jeniffer, si umeshamchukua? Umepita hapa sasa hivi, umemshika mkono."

Alimkuta nyuma ya madarasa, kwenye uzio, peke yake juani. Mkono mmoja wa mtoto ulikuwa umenyooshwa pembeni kama ulioshikwa na mtu mrefu, na asali ilikuwa inachuruzika kutoka kwenye vidole mpaka kiwikoni. Nyuki walitembea juu ya ile asali bila kumuuma.

"Jeniffer," Suzana akaita. Mtoto hakugeuka. "Jeniffer, mwanangu, ni mama."

"Usimwite tena hivyo." Emerensiana, aliyeufuata moshi kutoka stendi, alikuwa amesimama nyuma yake, begi la safari begani, rozari imezungushwa kwenye ngumi, anahema. "Kila ukiita unamwita yeye. Nilikwambia usimnyang'anye. Sasa umrudishie, na umrudishie kwa mdomo wako, huku mtoto anasikia. Jina au mtoto, mdogo wangu. Vyote viwili huna tena."

Jina lile mtoto alipewa na mama mzazi wa Suzana, aliyekufa akilisema. Suzana hakufikiri hata kidogo.

"Chukua," akasema kwa hewa iliyo mbele yake. "Jeniffer ni lako. Huyu hana uhusiano na jina hilo. Huyu ni Verdiana."

Mkono wa mtoto ukaanguka. Nyuki wakaruka kwa pamoja kuelekea nyumbani kwake Kawajense, na mtoto akaanza kulia kilio cha kawaida cha mtoto aliyechoka na jua. Suzana alimbeba mpaka nyumbani kama mtoto mchanga.

Siku hiyo hiyo wakalirudisha boksi, mstari wa kwanza, Jeniffer. Emerensiana akatoa masharti matatu: lisifutwe, mashine isizimwe, na jina lile lisitajwe tena ndani ya nyumba. Padre akambadilishia mtoto jina kwenye daftari la ubatizo kwa maneno mengi ya kulalamika. Baba yake, Simon, aliporudi kutoka safari alikasirika siku mbili, kisha akanusa chumba cha nyuma, akaenda mwenyewe kununua kufuli.

Miezi miwili ikapita salama. Majirani wakazoea kusema Mama Verdiana. Barua za wafuga nyuki zilikwenda na kurudi, na Suzana akaanza tena kuimba jikoni.

Jumamosi moja mchana alikuwa anapakua wali wa mchele wa kutoka Mamba na dagaa, mawazo yake yako kwenye mboga isiungue, akaita kama alivyokuwa ameita kwa miaka saba, "Jeniffer, njoo unawe, chakula tayari."

Kijiko kikamganda mkononi. Sebuleni, Simon alikuwa amenyanyua kichwa. Verdiana alikuwa ameshakaa mkekani, ameshanawa mikono, anamtazama mama yake.

"Abee, mama," sauti ya msichana wa miaka saba ikaitika kutoka chumba cha nyuma. "Nakuja."

Kufuli likaanguka sakafuni. Verdiana akajisogeza kidogo kwenye mkeka, akamwachia nafasi.