Mlio wa Ukucha Kwenye Spika

Ting! Usiku wa manane spika ililia sebuleni kwa shoga yangu, mjane wa fundi redio. Marehemu aliunda amplifaya yenye taa za kioo za kukuza sauti mbele na transista nyuma, na kila akizipima taa alizigonga kwa ukucha, spika iitikie, amtanie: “Mke wangu, umesikia? Nzima kuliko mimi!”

Basi kulipokucha shoga yangu akazing'oa taa zote, akazitumbukiza chooni. Usiku, ting! Akashika tochi, akamkimbilia mwanawe chumbani. Amelala, ngumi kaifumba. Kuifumbua, taa ya kioo, ya moto.

Leo kamleta alale na mwanangu. Njoo umguse kiganja jamani, bado kinaunguza. Zaidi yako simwambii mtu, naapa.