Mstari wa Penseli Bafuni

Kwa wiki tatu sasa, kila asubuhi, Chiriku alishuka ngazi akiwa na ndoo mkononi na taulo begani, akaenda kuoga kwa Mama Cherehani. Huyu alikuwa jirani wa chini, mshonaji wa sare za shule. Nyumba za mtaa ule zilijengwa zimeshikana, na sakafu ya mmoja ndiyo dari ya mwenzake. Bafu la akina Chiriku lilikuwa limevuja mpaka dari ya mshonaji ikaota madoa, ndipo mama yake Chiriku akamwita fundi alivunje na kulijenga upya.

Jina la Chiriku alipewa kwa sababu ya mdomo wake. Kaka yake aliapa kwamba hata usingizini hanyamazi. Kuoga kwa watu kulikuwa kumemchosha. Mama Cherehani hakumnyima maji, ila kila baada ya dakika tatu aligonga mlango kuuliza kama mtu amelala humo ndani.

Ijumaa saa tatu asubuhi, baada ya dawa ya kuzuia maji kukauka sakafuni, fundi aliziba tundu la kutolea maji. Akamwaga maji kina cha vidole viwili, kisha akachora mstari wa penseli ukutani pale yalipofikia. Akaeleza kwamba kesho saa kama ile, maji yakiwa bado kwenye mstari, ataweka vigae. Yakipungua, basi yana mahali yanapopita, na kazi itarudiwa. Chiriku akapewa kazi ya kuhakikisha haingii mtu.

Jumamosi alfajiri akachungulia. Maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari kwa unene wa kidole. Roho ilimuuma. Arudi tena kwenye ndoo na ngazi! Akatazama huku na huku, akachukua jagi jikoni, akajaza polepole mpaka maji yakafika kwenye mstari. Kisha akaenda kunywa chai, akajitia hamnazo.

Saa tatu fundi akaja, akainama, akatazama, akaridhika. Alishuka hata kukagua dari ya Mama Cherehani, akaikuta kavu. Akayatoa maji, akakausha sakafu, akakoroga gundi na kuanza kuweka vigae. Chiriku alimpokeza kimoja kimoja bila kusema neno, mpaka mama yake akamuuliza kama anaumwa.

Kigae cha sita kilikuwa kimekaa Mama Cherehani alipopanda kuuliza kama sasa anaweza kurudisha vitambaa vyake chini ya dari ile. Alikuwa amevirundika kitandani, vyeupe vyote, na yeye mwenyewe akilala chini kwenye mkeka.

"Rudisha tu, mama," fundi akamjibu. "Nimeipima mwenyewe. Ikivuja, niite mwongo."

Chiriku aliona aibu mpaka machozi yakamlengalenga.

"Usirudishe, mama," akasema. "Maji yalipungua usiku. Mimi ndiye niliyeyajaza."

Fundi hakufoka. Aliweka mwiko chini, akamuuliza yalipungua kiasi gani, naye akamwonyesha kidole. Mama yake akauliza inakuwaje dari iwe kavu. Fundi akasema zege hunywa kwanza, likishiba ndipo hutema. Akavibandua vigae vyote sita kabla gundi haijashika. Kando ya bomba la kutolea maji akakuta ufa ambao dawa haikuingia.

Kwa kosa lile, Chiriku aliambiwa na mama yake akwangue gundi kwenye vigae vyote sita, na alikwangua mpaka vidole vikamuuma. Fundi aliziba ufa, akapaka dawa upya, akangoja ikauke, akapima tena. Safari hii maji hayakusogea.

Siku ya kipimo hicho cha pili, Mama Cherehani alimketisha Chiriku kando yake, kule chini kwake.

"Mwanangu, vitambaa vingeharibika, ndiyo, lakini vitambaa hununuliwa," alisema. "Unajua ningemlaumu nani? Fundi. Ningemwita mwongo mtaa mzima, na yeye, maskini, angekubali, maana alijiapiza mwenyewe. Mtu anayeficha kosa lake humtwisha mwingine asiye na habari. Ukikosea, sema, hata kama vigae sita vimeshakaa."

Chiriku aliinuka. Alipanda ngazi, akaenda kumwomba fundi msamaha, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ile aliyokiri.